Mikebe Chini ya Mkwaju

Kama daktari amekuambia usipigwe na jua tena maisha yako yote, na wewe ni mtu wa jembe, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka ishirini na saba, mwezi wa kupalilia, na nikacheka. Nilimcheka daktari usoni. Nikamwambia, sisi watu wa Kwa Vonza tuna jua kuliko tulivyo na maji, sasa unataka nikaishi wapi, ndani ya chungu?

Hakucheka. Aliandika kwenye kadi yangu, akanipa vidonge vidogo vyeupe na vingine vichungu vya malaria, akasema nimeze vyote kila siku. Nikasema sina malaria. Akasema anajua. Ugonjwa wenyewe aliutaja kwa jina refu ambalo sikulishika, na hata leo nikilisikia hospitalini naona kama linamhusu mtu mwingine. Nyumbani tuliuita ugonjwa wa jua tu.

Wakati huo, miaka ya sabini, nilikuwa na mtoto mmoja, Mwende, wa miaka mitano. Mume wangu Kioko alikuwa akitia mafuta malori katika kituo cha petroli Mtito Andei, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka dizeli hata baada ya kuoga. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mimi, Mwende, na mama mkwe wangu. Nilimwita mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama. Yeye aliniita Mama Mwende akiwa ametulia, na Nduku akiwa amekasirika. Mwaka ule niliitwa Nduku sana.

Ugonjwa ulianza mikononi. Asubuhi vidole vilikataa kukunja, nikawa nashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Kisha magoti. Kisha uso ukatoka wekundu mashavuni mpaka juu ya pua, na kila nikitoka shambani unawaka kama nimepakwa pilipili. Nywele zilibaki kwenye kitana, halafu zikabaki kwenye kitambaa, halafu nikaacha kuangalia. Zahanati ya kwanza walinidunga sindano ya malaria. Ya pili wakasema ni sabuni ninayotumia. Akina mama wa kanisa letu walikuja kuniombea, wakaniwekea mikono kichwani, na mmoja akauondoa mkono haraka alipoona nywele zimemganda kidoleni. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa naogopa kujigusa.

Hospitali ya Kitui walinituma Nairobi, na Nairobi nililala wiki tatu. Nilirudi Kwa Vonza mvua za Novemba zikiwa zimeisha, mbaazi zikiwa na maua, na amri moja kichwani: usitoke juani.

Sasa nikwambie kuhusu mwethya, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilichofanya baadaye.

Mwethya ni kikundi cha kazi. Sisi tulikuwa wanawake ishirini na wawili. Wakati wa kiangazi, kila Jumatatu na Alhamisi, tulichimba matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, leo shamba la huyu, wiki ijayo shamba la yule, mpaka zamu ikufikie. Asubuhi mwenyekiti wetu, Mama Kalunda, alifungua daftari na kuita majina. Ukiitwa unajibu "Niko," unashika jembe. Usipojibu, jioni wanakuja kwako, wanachukua sufuria. Wanakaa nayo mpaka uje ulipe siku zako kwa jembe. Ukiendelea kukosa, jina linafutwa, na shamba lako halichimbwi na mtu.

Shamba letu liko kwenye mteremko. Mvua mbili zaidi bila matuta na tungebaki na mawe. Lakini hofu yangu haikuwa ya udongo peke yake. Kwetu, mwanamke aliyefutwa mwethya hazungumzwi vizuri. Watu wanaanza kumuuliza mume wake, polepole, kama wazazi wa huyo mke wako hai, na kama hawamhitaji nyumbani. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi: kwamba nitafutwa, na nikishafutwa nitarudishwa kwetu, na Mwende atabaki.

Kwa hiyo nilikuwa nikikaa chini ya mkwaju wetu kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, nikiwasikiliza wenzangu wakichimba ng'ambo ya kijito. Mkwaju ule ni mkubwa, kivuli chake kinafunika nusu ya uwanja, na chini yake hakuna kitu. Hapaoti hata nyasi. Kulikuwa na vumbi la kijivu, maganda ya ukwaju, na kuku wakijichimbia mashimo ya kulala. Nilikaa pale mwezi mzima nikiangalia vumbi lile, na nakwambia ukweli, nilianza kuona ni kama nimeshazikwa ila watu wamesahau kunifunika.

Bi Zainabu nilimpata kwenye benchi la kliniki, hospitali ya Kitui. Ukiwa mgonjwa wa kliniki unajua lile benchi. Unaingia saa moja, unakaa mwishoni, na kila mmoja akiitwa mnasogea nafasi moja kwa makalio, mpaka saa saba au saa nane. Letu lilikuwa la mti mweusi unaong'aa kwa kusuguliwa na nguo za wagonjwa. Jumatano ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku yangu na siku yake. Yeye alikuwa na kisukari. Alikuwa mama mtu mzima, wa ukoo uliotoka Lamu zamani ukafungua duka la vitambaa Kitui, amevaa buibui, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo.

"Mwanangu, mbona umejifunika khanga tatu kama bibi harusi?" aliniuliza.

"Jua, mama. Jua haliniwezi. Yaani, mimi siliwezi."

"Basi njoo kwangu ungoje gari. Kwangu jua halijawahi kuingia tangu nyumba ijengwe."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya duka kulikuwa na ua mdogo wenye kuta ndefu pande zote, giza la mchana, na nilipoingia nilisimama mlangoni nikashika kifua. Kulikuwa na rangi kila mahali! Mikebe ya mafuta ya kupikia, madebe yaliyokatwa katikati, beseni lililotoboka, vyote vimepakwa chokaa nyeupe, na ndani yake majani. Majani mekundu katikati na ya kijani pembeni. Majani mapana kama sikio la ndama, meupe, yenye mishipa ya waridi. Mengine ya manjano na madoa kama yamerushiwa rangi kwa brashi. Na maua madogo mekundu na ya zambarau ambayo ukigusa maganda yake ya mbegu yanapasuka na kukurukia. Nilipasua manne kabla ya kukumbuka adabu.

"Pasua," akasema. "Ndiyo mbegu hizo, chukua."

Nilirudi nyumbani na mbegu kwenye karatasi na vipande sita vya matawi ndani ya kitambaa chenye maji. Nikavipanda palepale chini ya mkwaju, ardhini, nikavimwagilia. Siku ya nne vilikuwa vimekauka vyote. Nililia kama nimefiwa, na sioni aibu kusema hivyo. Ulikuwa mwezi ambao hata chumvi kumwagika ilinitoa machozi.

Jumatano ya kliniki ya mwezi uliofuata Bi Zainabu alinigombeza benchi zima likisikia. "Wewe umepanda chini ya mti wenye kiu ya miaka hamsini! Unamwagilia nani? Unaunywesha mti. Tia kwenye mkebe. Toboa chini. Na mkebe uuweke juu ya jiwe, usiguse ardhi, maana mizizi ya mti itaingia kwa kile kitundu ikunyonye hata humo."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya, na wewe uliye kivulini fanya hivyo. Mchanga wa mtoni kidogo, udongo, samadi ya mbuzi iliyozeeka. Mkebe juu ya mawe matatu kama sufuria juu ya jiko. Kioko aliniletea chokaa iliyobaki walipopaka ukuta wa kituo, na nikapaka mikebe, kwa sababu kivulini kitu cheusi kinapotea. Hata majani mekundu sana yanapotea ukiyaweka peke yake, unaona kama shimo. Yaweke kando ya yale meupe au ya manjano, ndipo yanawaka. Haya nilijifunza kwa kukaa na kuangalia, na muda wa kukaa nilikuwa nao.

Kufikia mvua za Machi nilikuwa na mikebe kumi na tisa. Mwende alikuwa akiamka anakimbia nje kabla ya kunawa uso, aone ni ua lipi limefunguka. Vidole vyangu, ambavyo havikuweza kushika jembe, viliweza kukata jani lililokauka. Nilihisi nina kazi. Huo ndio ukweli, na ninauweka hapa kabla ya kusema mabaya yaliyofuata.

Mabaya yalianza na maji. Sisi tulichota maji mtoni, kwenye visima vya mchanga, mwendo wa saa nzima, na kwa sababu mimi siwezi jua, aliyebeba ni mwaitu. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Nilitumia maji ya kuoshea vyombo peke yake, na ya kunawia. Sikuwahi kuchota kikombe kutoka mtungini. Lakini yeye aliona mkono wangu ukimwagia majani maji, na hakutaka kujua ni maji gani.

"Nduku," aliniambia jioni moja, akitua mtungi. "Mgongo wangu si wa kunywesha majani."

"Ni ya vyombo, mwaitu."

"Hata ya vyombo niliyabeba mimi."

Lilikuwa neno la kweli na liliniuma kwa sababu hiyo.

Pia kulikuwa na uso wangu. Vile vidonge vyeupe vilinivimbisha. Mashavu yalijaa, yakawa mviringo, shingo ikanenepa, tumbo likatoka. Njaa ilikuwa haiishi, naamka nakula muthokoi wa mahindi na maharagwe uliobaki, nikimaliza natafuta mwingine. Miguu na mikono ilikuwa imekwisha, lakini nani anaangalia miguu iliyo ndani ya gauni? Watu waliangalia uso, na uso ulikuwa wa mtu anayekula vizuri na kulala. Na mbele ya uso huo kulikuwa na maua. Sasa fikiria wewe ni jirani, umetoka kuchimba tangu alfajiri, unapita uwanjani kwangu.

Mama Kalunda alikuja mwezi wa Juni na wanawake wawili. Walikuwa wamenivumilia tangu nitoke hospitali, lakini sasa nilikuwa nimekosa siku zisizohesabika. Walisimama penye mikebe, na mmoja akapiga makofi.

"Wui! Hapa ni kama hoteli ya wazungu."

"Hii maua yote ni ya nani?" Mama Kalunda akauliza, ingawa alijua.

"Ni yangu, Mama Kalunda. Karibuni viti."

"Hatukai. Mama Mwende, wewe ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa. Nina kadi, nilete uone?"

"Kadi ya Kizungu sijui kusoma. Mimi nasoma mtu." Aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, bila ubaya, kama mtu anayepima gunia. "Mimi mtu mgonjwa namjua. Dada yangu alikufa na kifua, alibaki mifupa. Wewe umenenepa. Na mtu anayeweza kupanda haya yote, anaweza kuchimba hata nusu siku."

Nilimtazama mwaitu. Alikuwa amekaa mlangoni akipepeta pojo. Neno moja lake lingetosha. Aliendelea kupepeta. Walichukua sufuria kubwa, ile ya harusi yangu, na walipokuwa wakienda nilimsikia mmoja akisema, "Mgonjwa wa maua," na wakacheka. Nilitaka ardhi inimeze. Niliwachukia wote, na zaidi niliyachukia yale mashavu.

Jioni ile nilibeba mikebe mmoja mmoja mpaka nyuma ya ghala, mahali mgeni hafiki. Halafu nikafanya ujinga ambao ndio sababu hasa ya kuandika haya.

Niliacha dawa. Niliacha dawa ili nionekane mgonjwa.

Ukiwaza vizuri ni wazimu, lakini wakati huo niliona ni akili. Vidonge ndivyo vinavyoninenepesha, nikivitupa chooni, uso utapungua, watu wataniona nilivyo, wataniamini, jina langu halitafutwa. Na siku za kwanza nilijisikia vizuri kweli! Nilikuwa na hasira, na hasira inaweza kumsimamisha mtu. Wiki ya pili nikaanza kutapika asubuhi, nikafurahi, maana uso ulikuwa umeanza kushuka. Wiki ya tatu nilijiangalia kwenye kioo, nikaona mfupa wa shavu, nikasema haya, sasa naenda nilipe siku zangu.

Ilikuwa Jumatatu. Mwaitu aliniona nikitoa jembe, akasema tu, "Umepona?" Nikasema nimepona. Mama Kalunda aliita, "Nduku wa Kioko!" nikajibu "Niko!" kwa sauti iliyofanya wengine wageuke. Walinipigia vigelegele. Nakwambia, furaha ile siisahau, na ndiyo maana siwezi kumcheka mtu anayefanya upumbavu ili akubaliwe na watu.

Nilichimba mpaka saa tano. Ya baada ya hapo nayajua kwa kuambiwa. Niliambiwa nilikaa chini katikati ya mtaro kama mtu anayepumzika, na nilipoitwa sikugeuka. Uso ulikuwa umetoka malengelenge. Walinibeba wao wenyewe, wenzangu wa mwethya, kwa blanketi, mpaka kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, mpaka sokoni Kwa Vonza, na pikapu ya mwenye duka ikanipeleka Kitui. Mama Kalunda alishika kichwa changu njia nzima.

Wadi nilikaa kutoka Julai mpaka mwisho wa Agosti. Nilivimba miguu mpaka ngozi ikang'aa. Mdomo ulijaa vidonda, uji ulipita kwa kijiko cha mtoto. Kitanda cha kushoto alikufa mama mmoja aliyetoka Mutomo, cha kulia akafa msichana wa shule, na kila mara waliponigeuza nilifikiri sasa ni zamu ya katikati. Kioko alikuja mara mbili, akasimama mwisho wa kitanda akikunja kofia yake mpaka ikapoteza umbo, akarudi kazini. Nilimwonea huruma. Nilitaka aniulize kwa nini, na nilishukuru hakuuliza.

Aliyebaki ni mwaitu. Alimwacha Mwende kwa dada yangu, akaja na kikapu, na kwa kuwa hakuwa na pa kulala mjini, Bi Zainabu, aliyekuwa akija kunitazama wadi, alimchukua. Mwaitu alikuwa mtu wa kanisa kweli, mtu ambaye hakuwahi kulala nje ya nyumba ya mlokole, na sasa alikuwa akilala kwenye kitanda cha kamba katika ua wa Mwislamu, katikati ya ile mikebe. Walibishana kila siku. Kuhusu chai, ati Bi Zainabu anaweka iliki nyingi. Kuhusu majani, ati yanafaa nini kama hayaliwi. Mwaitu alikuja kuniambia haya kitandani akiwa amefura, na nilicheka mara moja, vidonda vikapasuka, lakini nilicheka.

Siku moja nesi alikuja na vidonge vyeupe mkononi, akanisimamia nimeze. Mwaitu akamuuliza ni vya nini.

"Hivi ndivyo vinavyomweka hai, mama. Vitamvimbisha uso tena, msishangae. Vile alivyokuwa amenenepa, ni dawa hii. Alivyoiacha ghafla ndiyo ilimwangusha. Ni Mungu tu."

Nesi akaenda. Mwaitu akanigeukia.

"Uliacha dawa?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Nilikuwa sina nguvu ya kudanganya. Nikamwambia. Sufuria, maneno ya Mama Kalunda, mashavu, kioo. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilimtazama pale mlangoni nikingoja aseme neno, na hakusema. Alisikiliza akiwa ameshika chuma cha kitanda. Kisha akatoka nje. Alikaa muda mrefu nikafikiri amepanda gari amekwenda zake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Niliuchukia uso wako," akasema. "Nilikuwa nikibeba maji nasema moyoni, huyu ananenepa kwa mgongo wangu. Nilisema hivyo kila siku, njia nzima. Na huo uso ulikuwa wa dawa."

"Hukujua, mwaitu."

"Sikuuliza." Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chake kikavu kwenye shavu langu lililobaki mfupa. "Nenepa, mwanangu. Nenepa nikuone."

Nililia, naye akalia, na mama wa kitanda cha pili akatupigia kelele tumwache alale.

Nilirudi nyumbani Septemba, kiangazi kimekausha kila kitu. Nyuma ya ghala nilikuta mikebe mitano tu ina uhai. Mwende alikuwa akija na dada yangu kuimwagia maji ya kunawia, lakini alikuwa mtoto, alimwagia ile aliyoipenda. Nilianza tena na hiyo mitano. Sitakuambia maua yanaponya mtu. Hayaponyi. Ugonjwa huu ninao mpaka leo ninapoandika, nimerudi wadi mara nne, nimezaa mtoto mmoja na kupoteza wawili, na figo zangu zinaangaliwa kila miezi mitatu. Nasema tu kwamba kivulini utakaa miaka mingi, na ni afadhali uwe na kitu cha kuangalia. Na dawa, ndugu yangu, usiiache. Hata ikikugeuza uso. Hata watu wakisema nini. Mwite mtu mmoja wa nyumbani, umpeleke kliniki, akae nawe kwenye benchi mpaka mwisho, asikie kwa masikio yake. Mimi ningefanya hivyo mapema, nisingefika nilikofika.

Mwaitu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nimeombwa na wagonjwa wenzangu wa kliniki niandike, na kila nikishika kalamu ninarudi kwenye wiki moja ya mwisho wa Septemba ile.

Mama Kalunda alikuja na daftari lake na ile sufuria yangu ya harusi, imesuguliwa mpaka inang'aa. Safari hii alikaa kwenye kiti. Alisema pole, na alikuwa ameumia, nilimwona. Lakini alisema pia kwamba kikundi kimezungumza. Wao wana huruma, ila kanuni ni kanuni. Wakimwacha mmoja, kesho watakuwa watano, na matuta yatachimbwa na nani? Shamba letu ndilo lililokuwa zamu ya mwisho kabla ya mvua. Jina lisilo na jembe haliwezi kubaki kwenye daftari.

Nilisema naelewa. Nilielewa kweli. Uso wangu ulikuwa umeanza kuwa mviringo tena na sikujisumbua kuuficha.

Mwaitu alimsindikiza Mama Kalunda mpaka njiani. Sikusikia walichosema. Aliporudi alikula, akaomba, akalala.

Jumatatu niliamka nikakuta hayupo, nikadhani amewahi mtoni. Nikatoa kiti changu, nikakaa chini ya mkwaju kabla jua halijapanda. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwenye shamba la jirani yetu, karibu kiasi kwamba sauti zilifika. Niliwasikia wakicheka, majembe yakigongana. Kisha Mama Kalunda akaanza kusoma majina. Nilitaka kuingia ndani nisisikie pengo langu litakavyopitwa, lakini nilibaki kitini.

"Nduku wa Kioko!"

Nilisimama. Nafikiri mdomo wangu ulifunguka.

"Niko!" ikajibu sauti ya mwaitu, kavu, ya mtu mzee aliyepanda mlima na jembe begani.

Hakuna aliyecheka. Mama Kalunda akasoma jina lililofuata.